Viti 73 Vilivyoachwa na Waingereza

Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, macho ya dunia yalikuwa kwenye forodha, uvuvi na mpaka wa Ireland. Wachache waliwatazama wabunge 73 wa Uingereza walioondoka siku hiyo katika Bunge la Ulaya. Naamini hao ndio waliopaswa kutazamwa kwanza. Nchi inapojitoa katika jumuiya huondoka na kura zake, na wanaobaki hurithi mizani mpya ya vyama ambayo hawakuichagua.

Bunge la Ulaya haliketi kama Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, ambako kila nchi mwanachama hupeleka wabunge 9 waliochaguliwa na bunge lake la kitaifa. Huko Ulaya wabunge huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kisha hukaa kwa makundi ya itikadi. Msoshalisti wa Ureno huketi na Msoshalisti wa Uswidi, na wahafidhina hali kadhalika. Kwa hiyo nchi moja ikiondoka, kila kundi hupungukiwa kwa kadiri ya wabunge liliokuwa nao kutoka nchi hiyo.

Hesabu ya mwaka 2020 inashangaza. Katika uchaguzi wa Mei 2019, chama cha Nigel Farage, Brexit Party, kilipata viti 29, vingi kuliko chama kingine chochote cha Uingereza. Lakini wabunge wake hawakuwa katika kundi lolote, hivyo kuondoka kwao hakukulidhoofisha kundi hata moja la mrengo mkali wa kulia. Waliopata hasara ni wapenzi wa Ulaya: waliberali walipoteza wabunge 17, Kijani 11, Wasoshalisti 10. Kundi kubwa kuliko yote, EPP la wahafidhina wa kati, halikupoteza hata mmoja, kwa sababu chama cha Conservative cha David Cameron kilikwisha kulihama mwaka 2009. Viti 27 kati ya vile 73 vikagawiwa nchi 14 kati ya zilizobaki, EPP likaongezewa 5, na kundi la mrengo mkali wa kulia la akina Marine Le Pen wa Ufaransa na Matteo Salvini wa Italia likawapita Kijani na kushika nafasi ya nne. Nchi iliyoutilia shaka Umoja ilikuwa imewaondoa watetezi wengi wa Umoja huo kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya hapo palikuwa na wazo la kutumia baadhi ya viti hivyo kwa wabunge watakaopigiwa kura na Ulaya nzima badala ya nchi moja moja. Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alilipigia debe. Bunge lenyewe, EPP likiwa mstari wa mbele, lililikataa Februari 2018. Nafasi ya kujenga siasa za vyama zinazovuka mipaka ikapita hivyo.

Katika baraza la serikali za nchi wanachama, mtangamano ulisonga mbele. Uingereza ilikuwa na takribani asilimia 13 ya watu wa Umoja, na Uholanzi, Denmark na Uswidi zilizoea kuiegemea kila zilipotaka kubana matumizi. Mwaka 2011 Cameron, akiwa waziri mkuu, alikataa mkataba wa bajeti, wenzake wakalazimika kuuandika nje ya sheria za Umoja. Julai 2020, bila Uingereza mezani, viongozi 27 walikubaliana baada ya siku nne kukopa kwa pamoja euro bilioni 750 za kujikwamua na janga la korona. Ni kweli korona ndiyo iliyowasukuma zaidi. Hata hivyo sioni ni waziri mkuu gani wa Uingereza angetia saini deni la namna hiyo.

Jambo lililobadilisha siasa zaidi lilitokea kwa wapinzani wenyewe wa Umoja. Mwaka 2017 Le Pen aliwaahidi Wafaransa kura ya maoni kuhusu uanachama. Mwaka 2022 ahadi hiyo haikuwamo tena katika ilani yake. Sweden Democrats, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Uswidi, nao waliacha kudai kujitoa mwaka 2019. Waliona Waingereza walivyohangaika kujitoa, wakageuza lengo: sasa wanataka kubaki ndani na kuutawala Umoja. ECR, kundi ambalo Cameron alilianzisha pamoja na vyama vya Poland na Ucheki, lilirithiwa na wafuasi wa Giorgia Meloni wa Italia.

Uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa 2024 ulionyesha uzito wa mageuzi hayo. Katika bunge la viti 720, makundi matatu yaliyo upande wa kulia wa EPP yalianza na viti 187, pungufu kwa kimoja tu ya EPP lenyewe. Novemba 2025 EPP lilizitumia kura zao kulegeza sheria zinazozibana kampuni kubwa kuhusu mazingira na haki za binadamu, likiwaacha washirika wake wa zamani wa kati. Hilo linanitia wasiwasi kuliko tishio lolote la nchi nyingine kujitoa, maana anayejitoa huacha sheria za wenzake zilivyo, na anayebaki na kura nyingi huziandika upya.

Nayo Uingereza inarudi karibu taratibu. Mkutano wa London wa 19 Mei 2025 ulikubaliana kuelekea mkataba ambao chini yake itafuata kanuni za Ulaya kuhusu chakula, mifugo na mimea, kila zinapobadilika. Sheria za msingi za kanuni hizo hupitishwa na baraza la serikali pamoja na Bunge lile lile la Ulaya, ambako Waingereza hawana tena hata kura moja.