Kabla Lango la Shule Halijafungwa: Mzazi Ajue Nini, Aulize Nini

Kila inapozuka habari kwamba shule yenye wanafunzi wachache itafungwa au itaunganishwa na jirani yake, wazazi wengi wa Pwani hupokea habari hiyo kwa njia mbili: ama kwa kelele au kwa kunyamaza. Kelele hupoa baada ya siku chache, na ukimya huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Katika hali zote mbili uamuzi hupita, na anayebaki njiani na mkoba wake ni mtoto. Wiki hii tumeonelea tulieleze jambo hili kwa utaratibu, ili mama na baba wakiitwa kikaoni waende wakijua haki yao na wajibu wao.

Tuanze kwa insafu. Si kila pendekezo la kuunganisha shule ni dhuluma. Dini yetu imeifanya elimu kuwa faradhi, na neno la kwanza la wahyi lilikuwa ni amri ya kusoma. Shule ambayo mwalimu mmoja anafunza madarasa matatu kwa wakati mmoja, isiyo na vitabu wala maabara, haitimizi amana hiyo hata kama iko mlangoni petu. Tunaloliuliza sisi ni jingine: je, huko anakopelekwa mtoto atapata kilicho bora zaidi, na je, atafika?

Hoja ya serikali

Shule za umma nchini hupewa fedha kwa hesabu ya vichwa. Mgao uliowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, wa sekondari msingi ni shilingi 15,042, na wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244. Shule ya msingi yenye watoto 90 hustahiki shilingi 127,800 kwa mwaka mzima, na yenye watoto 600 hustahiki shilingi 852,000. Lakini zote mbili zina paa la kutengeneza, maji ya kulipia na mlinzi wa usiku. Hapo ndipo shule ndogo inapoanza kudhoofika. Mwalimu akihama hakuji mwingine haraka, mzazi mwenye uwezo humhamisha mwanawe, idadi hupungua tena, na mgao nao hupungua.

Mtaala wa umilisi umeongeza uzito wa hoja hii. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na mwanafunzi wa sekondari ya juu hutakiwa achague mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Shule yenye wanafunzi wachache haiwezi kuwa na walimu na vifaa vya mikondo yote. Kwa upande wa madarasa ya chini, jopo la rais la mageuzi ya elimu, lililowasilisha ripoti yake Agosti 2023, lilipendekeza chekechea, msingi na sekondari msingi ziwe chini ya usimamizi mmoja.

Hoja hizi zina uzito, na mzazi anayezipuuza hatasikilizwa. Lakini si hoja peke yake zilizopo mezani.

Masafa ya Pwani hayapimwi kwa ramani

Ukitazama karatasini, Wasini na Mkwiro ni vijiji viwili vya kisiwa kimoja, na vijiji vya kisiwa cha Pate vinakaribiana kama shanga za kidani. Anayeishi huko anajua kwamba kuna njia inayopitika maji yakitoka na isiyopitika maji yakijaa, na kwamba wakati wa kusi baba mwenye chombo hufikiri mara mbili kabla ya kuwapakia watoto. Kule Tana Delta, mafuriko ya mwaka 2023 na 2024 yaliwakumbusha watu kwamba mwendo wa nusu saa wa kiangazi unaweza kuwa si mwendo kabisa wakati wa mvua.

Mfano ulio wazi zaidi tunao Lamu. Shule za msingi za wadi ya Basuba, zinazowahudumia Waaweer wa msitu wa Boni, zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Sababu ilikuwa nyingine, lakini funzo ni lile lile. Baadhi ya watoto wakubwa walihamishiwa shule ya bweni huko Mokowe. Lakini mtoto wa miaka sita au saba hapelekwi bwenini kwa urahisi, na mzazi wa kijijini hana nyumba ya pili mjini. Shule ya karibu ikiondoka, wa kwanza kukosa masomo ni wadogo, kisha mabinti, kisha wenye ulemavu.

Binti na madrasa

Tuseme wazi, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni akina mama. Binti wa miaka kumi na mitatu akiongezewa masafa, mzazi humwazia giza la alfajiri, pikipiki za njiani, na siku zake za mwezi katika shule isiyo na choo cha staha. Hofu ikizidi humwambia abaki nyumbani mpaka mambo yatengemae. Mambo hayatengemai, na mchumba hubisha hodi. Binti huyo hataonekana katika hesabu ya shule iliyofungwa wala katika ile iliyopokea wanafunzi.

Pili ni madrasa. Watoto wetu wengi hutoka shule wakala, wakaenda chuoni baada ya Adhuhuri au Alasiri. Saa moja zaidi ya njiani ni saa inayotolewa katika Qur'ani, na wanaopanga ratiba kutoka mbali hawataikumbuka tusipoitaja.

Tatu ni mavazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu hijabu katika kesi iliyotoka Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo kwa misingi ya utaratibu wa kesi yenyewe. Kwa hivyo shule ya mabinti wa Kiislamu inapounganishwa na shule yenye mfadhili wa dini nyingine, suala la hijabu, sala na mafunzo ya dini liandikwe katika makubaliano mapema, lisiachiwe wema wa mwalimu mkuu aliyepo leo.

Ardhi na chekechea

Shule ikifungwa, kiwanja hubaki, na kiwanja kitupu Pwani hakikosi mchumba. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya machozi walipokuwa wakitetea uwanja wao wa michezo, nayo ilikuwa shule iliyo wazi na yenye watoto ndani. Je, ile iliyofungwa? Ikiwa ardhi ni wakfu, sharti la mwenye kuweka wakfu lazima lifuatwe, na Tume ya Wakfu ijulishwe kabla ya uamuzi.

Chekechea nazo ziko chini ya serikali ya kaunti, ilhali msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Chekechea nyingi zimo ndani ya viwanja vya shule za msingi. Serikali moja ikifunga lango, watoto wa serikali ya pili wataingilia wapi?

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 47 kinadai uamuzi wa kiserikali uwe wa haki, wa kisheria na wa utaratibu mwema. Sheria ya mwaka 2015 iliyotokana na kifungu hicho inaeleza kwamba uamuzi unaoweza kuuathiri umma vibaya utangulizwe na tangazo, maoni yapokewe na yazingatiwe, na sababu zitolewe. Hii ndiyo shura, nasi tuna sura nzima yenye jina hilo.

Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Elimu ya Kaunti anaweza kukata rufaa katika baraza la rufaa lililoundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Na anayetaka kuziona takwimu zilizotumiwa anaweza kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisi ya umma ina siku 21 za kumjibu.

Ya kuuliza kikaoni

Tunashauri wazazi wakutane wao kwanza, wachague wasemaji wawili, mmoja wao mwanamke, na waandike maswali haya:

Idadi ya wanafunzi iliyotumiwa ni ya lini, na ilihesabiwa na nani? Mtoto anayeishi mbali zaidi atatembea muda gani, kiangazi na masika? Nani atalipia chombo au gari, na kwa miaka mingapi? Shule inayopokea ina madarasa, madawati, vyoo na walimu wa kutosha leo, si kwa ahadi? Madrasa, sala na hijabu zitalindwaje? Ardhi na majengo yatabaki kwa nani? Na je, imefikiriwa njia nyingine, kama vile shule mbili kuwa na mwalimu mkuu mmoja, au kubakisha gredi za chini kijijini na kuhamisha za juu peke yake?

Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala iwekwe msikitini na kwa mwenyekiti wa wazazi. Yakiwa ni ya kuridhisha, tuunge mkono bila kinyongo na tuwapeleke watoto siku ya kwanza. Yakiwa hayaridhishi, tukate rufaa kwa adabu na kwa wakati, kwani maji yakishamwagika hayazoleki. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi uangalifu wa kuilinda njia yao. Amin.