Fahamu Hatari za Kusubu Risasi za Gobole Nyumbani

Katika Kiswahili, neno “risasi” lina maana mbili: madini laini na mazito ya rangi ya kijivu, na kombora linalofyatuliwa kwa bunduki. Kwa wananchi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, maana hizo hukutana pale mtu anapoyeyusha madini hayo jikoni ili kusubu risasi za gobole.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza silaha au risasi bila leseni. Mwananchi anayehitaji silaha kwa matumizi halali anapaswa kuanzia kituo cha polisi, ambako maombi yake huchunguzwa kabla ya kibali kutolewa. Gobole lililoundwa kwa kificho halina usajili wala ukaguzi, na mtutu wake unaweza kupasuka usoni mwa mfyatuaji.

Kwa upande wa afya, risasi huyeyuka katika nyuzijoto 327, kiwango ambacho moto wa mkaa hukifikia kwa urahisi. Vumbi na mabaki yake hutua sakafuni, kwenye vyombo na mikononi mwa watoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo anaweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake ni pamoja na upungufu wa damu na kudhoofika kwa ubongo, na athari za ubongo huweza kudumu maisha yote. Nchini Kenya, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha risasi kutoka betri chakavu. Mwaka 2020, mahakama iliamuru walipwe fidia ya Shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Suala hilo linagusa pia uhifadhi. Mwaka 2019, yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika-Orugundu yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Uwindaji haramu ndani ya hifadhi ni kosa. Aidha, vipande vya risasi hubaki ndani ya nyama, vikamdhuru mlaji na hata tai wanaokula mizoga.

Kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria, njia ya kujisalimisha imekuwa ikitolewa. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa usalimishaji wa hiari. Mwaka 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa miezi ya Septemba na Oktoba, ambapo silaha zilipokelewa katika vituo vya polisi na ofisi za serikali za mitaa.

Wananchi wanashauriwa kufuatilia matangazo ya msamaha, kutoyeyusha risasi wala betri chakavu majumbani, na kumfikisha mapema kituo cha afya mtoto aliyekuwa karibu na shughuli hiyo.