Unauza nyumba kuukuu? Kagua nyaya za stima kabla ya rangi

Anayetaka kuuza nyumba ya zamani Malindi au Kilifi aghalabu huanza na rangi. Kuta hung'arishwa, makuti hubadilishwa, lakini nyaya za stima huachwa jinsi zilivyokuwa tangu nyumba kujengwa. Maadamu taa zinawaka, nani atauliza?

Hili ni jambo la afya. Nyaya za kale zilivikwa mpira, nao mpira ukikaa miaka mingi katika joto hukauka na kupasuka, shaba ikabaki wazi. Hewa ya chumvi kutoka baharini hula viungo vya ndani ya swichi na soketi. Kiungo kilicholika hupata moto, na chini ya paa la makuti cheche moja yatosha.

Bafuni ndiko kwa kuogopwa zaidi. Nyumba nyingi za zamani zilitiwa nyaya za taa na feni tu. Mnunuzi akihamia hufunga shawa ya kuchemsha maji, ambayo yaweza kuvuta ampea 20. Waya mwembamba wa taa huchemka ndani ya ukuta bila mtu kuona. Tena ikiwa waya wa kupeleka stima ardhini haupo, au umeliwa na kutu, stima inayovuja humpitia mwogaji. Ngozi iliyolowa huipitisha kwa urahisi, na hata sehemu moja ya kumi ya ampea yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Fyuzi haimwokoi, kwani hungoja ampea nyingi kuliko hizo. Kinachookoa ni swichi ya usalama inayokata stima mara tu sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea zinapovuja.

Je, bomba la bafuni "huuma" mkono? Swichi ina joto? Taa hufifia shawa ikiwashwa? Usifunike dalili hizo kwa rangi. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA azipime nyaya, kisha umwonyeshe mnunuzi alichoandika, ingawa huenda bei ikapungua.

Na mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Kisha apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwani moyo waweza kuwa umedhurika.