Mashine ya matuta humpumzisha mama, lakini mtoto akae mbali

MAMA yangu alilima nyanya na mnafu Arumeru, mkoani Arusha, kwa jembe la mkono. Sisi watoto Jumamosi yetu ilikuwa moja tu: palizi. Mama alitangulia ameinama, nasi tukamfuata kwenye tuta, na jioni yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyooka. Leo mgongo unamsumbua hata anapoinuka kitini.

Ndiyo maana siku nilipoona trekta ikipita shambani na kuacha nyuma yake tuta lililokamilika, lenye mpira wa maji ndani na nailoni nyeusi juu, nilimfikiria yeye kwanza. Mzazi unayelima mboga, au unayefikiria kukodi mashine hii na wenzako wa kikundi, zifahamu faida zake kwa familia na pia hatari zake.

Inavyofanya kazi

Mashine hufungwa nyuma ya trekta, kwenye mikono mitatu ya kuinulia vifaa. Zipo pia ndogo zinazovutwa na pawatila. Visahani vya mbele hukusanya udongo uliokwisha kulimwa na kulainishwa, kisha bati pana huukandamiza mpaka tuta liwe bapa juu na limeshikana. Mara nyingi kimo chake ni sentimita 10 hadi 20.

Juu ya mashine kuna roli la mpira mwembamba wa umwagiliaji wa matone. Mpira hulazwa kwenye tuta huku matundu yake yakitazama juu, ili mchanga unaoingia utulie chini usiyazibe. Nyuma yake hufuata roli la nailoni. Magurudumu huikaza nailoni pembeni mwa tuta, na visahani vya mwisho huifukia kingo zake kwa udongo isipeperushwe na upepo. Kazi hizo zote hufanyika kwa mpito mmoja.

Mkulima hubaki na kazi ya kutoboa nailoni na kupanda miche. Njia hii inafaa nyanya, hoho, matango na matikiti, ambayo hupandwa kwa nafasi. Mchicha unaomwagwa mbegu kwa wingi haufai hapo.

Faida kwa familia

Faida ya kwanza ni mgongo. Nailoni nyeusi huzuia mwanga, hivyo magugu mengi hayaoti. Ndago huweza kuitoboa kwa ncha yake kali, na katikati ya matuta bado kunahitaji jembe, lakini palizi ya kuinama kila wiki hupungua sana. Kubeba ndoo za kumwagilia nako hupungua. Kwa mjamzito, au mama anayelima na mtoto mgongoni, huo ni unafuu mkubwa. Kwa mwanafunzi, ni Jumamosi ya kusoma na kucheza.

Faida ya pili ni dawa. Maji ya matone huenda kwenye mizizi na majani hubaki makavu. Magonjwa ya ukungu kama bakajani hupenda majani yenye unyevu, na udongo uliofunikwa haurukii majani mvua inaponyesha. Ugonjwa ukipungua, mkulima hana sababu ya kupulizia mara kwa mara. Hata hivyo, akipulizia, lazima siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zitimie kabla ya mboga kuvunwa.

Faida ya tatu ni sahani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Tuta linalotunza unyevu husaidia mboga kupatikana hata kiangazi. Lakini tenga za kula nyumbani kabla gari la mnunuzi halijafika, maana tumeona nyumba zinazouza hoho sokoni huku watoto wakila ugali na chumvi.

Trekta si mchezo wa mtoto

Trekta ina kiti kimoja, cha dereva. Mtoto asipakatwe, asisimame kwenye mkono wa nyuma, wala asipande juu ya mashine ili kuikandamiza udongoni. Akiteleza, gurudumu la nyuma humkuta kabla dereva hajageuka.

Mashine nyingi za matuta huvutwa tu, lakini zile zenye majembe ya kusaga udongo huendeshwa na shafti inayozunguka nyuma ya trekta. Kwa kawaida shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Ikinasa ncha ya khanga, mtandio au nywele ndefu, hakuna muda wa kujiokoa. Hakikisha ina kifuniko chake, na mtu yeyote asisogee kurekebisha nailoni iliyokwama mpaka injini izimwe.

Maji na nailoni

Pipa la maji liwe na mfuniko unaobana, kwa sababu mtoto mdogo huweza kuzama na mbu huzaliana humo. Wafundishe watoto wasinywe kwenye mipira ya shamba, kwani humo hupitishwa pia mbolea, na wakati mwingine dawa.

Mwisho wa msimu, nailoni yote iondolewe. Ikilimwa pamoja na udongo, vipande hubaki humo miaka mingi. Usiichome nyuma ya nyumba wala usiiwashie moto jikoni. Moshi wa plastiki una sumu, na mapafu ya mtoto huumia upesi. Kabla ya kununua roli, muulize muuzaji kama anapokea zilizotumika au anamjua anayezirejeleza.

Kama trekta haifiki kwako

Usikate tamaa. Tengeneza tuta kwa mkono mara moja, lifunike kwa nyasi kavu zisizo na mbegu au majani ya migomba, kisha weka ndoo yenye kichujio kwenye jukwaa la urefu wa mita moja. Kimo hicho kinatosha kusukuma maji kwenye mipira mifupi ya bustani ya nyumbani. Nyasi huoza na kurutubisha udongo, na hutabaki na plastiki ya kutupa.

Kina baba, mnapokaa kupiga hesabu za kukodi mashine, wakaribisheni kina mama kwenye hesabu hizo. Wao ndio wanaojua palizi huchukua siku ngapi na ndoo ni ngapi. Mama yangu hakuwahi kuulizwa, na leo siwezi kumrudishia mgongo wake. Wako wengi ambao bado hatujachelewa kuwauliza.