Kurasa Zilizobanwa Pini

Nilipokuwa kidato cha tatu, kitabu cha Baiolojia kilitufikia sura ya uzazi ikiwa imebanwa pini za stepla, tano, zimepangwa kama mshono. Usiku, baridi ya Dongobesh ikiwa imetukalia mabegani, wasichana wanne tuliingia chini ya blanketi moja. Mmoja alishika tochi, mimi nikazing'oa pini kwa kibanio cha nywele.

Tulikuta mchoro wa mji wa mimba na duara la siku 28 za hedhi. Basi. Mwenye tochi akaanza kuhesabu siku kwa kidole juu ya lile duara, akarudia, kisha kidole kikasimama. Alikuwa anadhani amekosa siku zake kwa uchovu wa kupalilia vitunguu saumu vya kwao.

Bibi alinisimulia kwamba Wairaqw wa zamani walimtenga binti aliyeshika mimba kabla ya ndoa, asiingie nyumba ya mtu, ndiyo metimani. Rafiki yangu mwenye tochi alitengwa na shule. Ruhusa ya wasichana kurudi darasani baada ya kujifungua ilitangazwa Novemba 2021, yeye keshazeeka kwa kidato cha tatu.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili yetu. Hofu ya mzazi naijua, nami nina binti. Lakini kwenye kabati la shule ninayofundisha hakikuwemo hata kimoja cha kuondoa. Huku kwetu kitabu hakisubiri waziri. Kinafungwa na mtu mzima aliye karibu, anayeona haya kutamka neno.

Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ya 1971, nayo iliwahi kuzuiwa shuleni, kisha ikaja kusomeshwa sekondari. Humo baba anampiga binti kwa barua ya mvulana, wala hamwelezi kitu. Rosa anatoka kwao Ukerewe akiwa na woga tu, na woga haukumfaa alipofika mbali na fimbo ya baba.

Mtoto wa rafiki yangu sasa yuko kidato cha tatu, darasani kwangu. Mama yake huuza vitunguu mnadani. Tukikutana, kabla hata ya salamu, huniuliza tumefika sura ya ngapi.