Rangi Nyeupe: Piga Hesabu kwa Mita, Si kwa Ndoo

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi utakuta ndoo mbili za rangi nyeupe ya maji, zote lita 20, moja kwa nusu ya bei ya mwenzake. Tofauti kubwa iko kwenye unga uliomo: oksidi ya titani.

Unga huo ndio unaoficha ukuta. Kiwandani chembe zake hutengenezwa zilingane, mikromita 0.2 hadi 0.3, kipimo kinachotawanya mwanga vizuri zaidi. Kisha hupakwa utando wa alumina au silika ili zisishikamane wala kutuama upesi. Kazi hiyo ni ghali, ndiyo maana rangi rahisi hupunguziwa titani na kujaziwa unga wa mawe ya chokaa.

Tuseme kuta zako ni mita za mraba 80. Rangi nzito, yenye titani nyingi, lita ikifunika mita 10, mikono miwili inakula lita 16: ndoo moja. Rangi nyepesi, ile rahisi, lita ikifunika mita 6 na kudai mikono mitatu, inakula lita 40: ndoo mbili. Nafuu imeishia hapo, na fundi bado anadai ujira wa mkono wa tatu.

Angalia pia maji. Fundi akizidisha kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo, umelipia titani ukapaka maji. Na ndoo iliyokaa sana dukani ifunguliwe mbele yako: tope la chini likikorogeka likalainika, chukua, likibaki mabonge magumu, iache.

Kabla ya kununua ndoo, nunua kopo dogo. Paka mikono miwili juu ya gazeti, iache ikauke, kisha lowesha. Herufi zikijitokeza upya, chokaa ni nyingi. Sugua kwa kitambaa kibichi. Kikitoka cheupe, ukuta huo hautavumilia vidole vya watoto.

Pesa ikiwa kidogo, gawa. Dari haiguswi, ipake rangi rahisi. Sebule, korido na jikoni zipate rangi nzito, hata kama chumba kimoja kitasubiri mwezi ujao. Ukuta wa uani unaoweza kuurudia kila mwaka, chokaa ya kawaida inatosha.

Plasta mbichi isipakwe rangi nzito wala rahisi. Rangi ikibanduka, utalipa mara ya pili.