Homa ya Ini na Milango Yake Miwili

Mvua kubwa inyeshapo Kampala, maji huteremka kutoka vilimani na kujaa katika mabonde ya Bwaise na Kalerwe, katika tarafa ya Kawempe. Mitaro hufurika, vyoo vya shimo hutapika uchafu, na maji hayo hupita karibu na chemchemi ambako kina mama na watoto huteka maji ya kunywa. Hapo homa ya ini hupata mlango wake wa kwanza.

Ugonjwa huu si homa ya manjano iletwayo na mbu, ingawa yote miwili yaweza kuyageuza macho yakawa ya manjano. Homa ya ini huletwa na virusi vya aina tano, vilivyopewa herufi A, B, C, D na E. Aina hizo hazipiti njia moja, na kutolijua jambo hilo kumeziponza nyumba nyingi.

Aina A na E huingia kwa mdomo. Virusi hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikafika katika maji, chakula au mikono isiyooshwa. Mashambani nako hakuna salama. Mwaka 2007 aina E ilizuka wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, miongoni mwa watu waliokuwa kambini kwa sababu ya vita. Kufikia katikati ya 2009 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua, na 160 kati yao kufariki. Wanawake wenye mimba ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Mlango wa pili ni damu. Hupitiwa na aina B na C, pamoja na D, ambayo humpata tu mtu mwenye B. Aina B huambukizwa pia kwa kujamiiana, na mama aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7. Kwa hiyo wembe wa kunyolea au kuchanjia, sindano iliyotumika na mswaki wa mwingine ni vitu vya kuogopwa.

Baba akiambiwa kwamba ana aina B, mara nyingi hutengewa sahani na kikombe, na watoto hukatazwa kumkaribia. Lakini jioni ile ile wembe mmoja huwanyoa ndugu watatu, na maji ya chemchemi hunywewa bila kuchemshwa. Aina B haienezwi kwa kula pamoja, kupeana mikono wala kukumbatiana. Nyumba ya namna hiyo imeufunga mlango asiopitia mwizi, ikaiacha wazi ile anayopitia.

Hapana budi basi maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na kila mtu awe na wembe wake. Watoto wa Uganda wamekuwa wakichanjwa dhidi ya aina B tangu 2002. Askari, polisi na wake zao waliozaliwa kabla ya hapo yafaa wapimwe damu. Asiye na virusi achanjwe mara tatu katika miezi sita, wala asikatishe. Aina C haina chanjo, lakini ina dawa ya kuiponya. Mgonjwa naye arudishiwe nafasi yake penye sinia la familia.